UZI: Kupiga picha furukombe, mwewe na bundi mwanga ukiwa hafifu. Wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria tukutane hapa

Jiwe la Kirumba

Wakuu, mwangaluka.

Kila mtu akiweka humu picha ya furukombe, yule tai wa samaki mwenye kichwa cheupe, lazima aje mdau aulize: mbona za kwangu za alfajiri zinatoka na chengachenga, na ndege mwenyewe haeleweki? Majibu huwa mawili. Nunua lensi kubwa, au subiri jua lipande. La kwanza ni la wenye nazo. La pili silikubali kabisa. Kuanzia saa tatu hivi miamba yetu inapata moto, hewa juu ya maji inaanza kuchezacheza, na ndege aliye mita 100 anatetemeka kwenye kioo hata kama lensi yako ni ya mamilioni. Na yeye keshakula, kajikalia kivulini, utampiga mgongo mpaka mchana.

Kazi iko alfajiri na magharibi. Basi tujifunze kupiga saa hizo hizo. Mimi natumia Nikon D500 iliyokwishatumika na lensi ya milimita 200-500 yenye f/5.6 (hiyo f ni tundu la lensi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi). Mwenye Canon au Sony asijali, hesabu ni ile ile.

Tuanze na saa. Huku kwetu karibu na ikweta jua linapanda wima, halina mzunguko. Toka unapoanza kumtofautisha ndege na tawi mpaka jua lichomoze ni kama dakika 20 tu. Mwanzoni mwa Novemba linachomoza karibu saa 12 na nusu, Februari linasogea mpaka karibu saa 1 kamili. Ukitegesha kengele ya simu mwaka mzima kwa saa ile ile, Februari utakaa gizani unaliwa na mbu, Novemba utakuta shughuli imeshaanza bila wewe.

Sasa hesabu. Nikiwa kwenye f/5.6 na ISO 6400 (ISO ni kiasi ambacho kamera inakuza mwanga ulioingia), anga ikiwa haina wingu zito, jua likishachomoza napata kasi ya 1/1000, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Dakika chache kabla ya hapo, kwa mipangilio hiyo hiyo, napata kama 1/250. Nyuma zaidi, wakati mji bado una taa, ni 1/60. Namba hizi tatu ndizo ratiba yangu ya asubuhi. Kwenye 1/60 nampiga ndege aliyetulia tuli. Kwenye 1/250 nampiga anayegeuza shingo, anayechambua manyoya, au furukombe anapoita, maana akiita huwa anatupa kichwa nyuma na hapo picha ni nzuri kuliko ya kuruka. Kwenye 1/1000 ndipo naanza kuwaza mabawa.

Wengi wetu tunakwenda kinyume. Tunafika gizani tunataka kuruka tu, tunapiga mamia ya picha za mabawa yaliyoyeyuka, halafu mwanga ukija memori kadi imejaa na roho imechoka. Kwenye mwanga mdogo ndege aliyekaa ndiye shule. Piga aliyekaa mpaka ujue kumpata jichoni kila mara, ndipo uhamie kwa anayeruka.

Na msiogope ISO. Picha inaharibiwa na kupiga giza kwenye ISO 800 "ili isiwe na chenga", halafu ukafika nyumbani ukaivuta ing'ae kwenye kompyuta. Chenga zote zitatoka, na nyingine za ziada. Bora ISO 6400 iliyopata mwanga wake sawasawa.

Mwelekeo nao. Ghuba ya Mwanza iko magharibi ya mji. Asubuhi ukisimama Capri Point au Kirumba ukiangalia majini, mwanga unatoka mgongoni kwako na unampata ndege usoni. Lakini kumbukeni vilima vya mji vinalizuia jua, kwa hiyo ng'ambo ya Kamanga inawaka kabla ya ufukwe uliposimama wewe. Jioni inageuka: jua linazama ng'ambo, na ukiwa mjini utapata kivuli cha ndege tu. Ukitaka manyoya jioni, panda kivuko cha Kamanga ukapige ukiangalia mashariki. Ulizia kivuko cha mwisho kwanza.

Nitaendelea. Maswali ruksa.

Mkwea Mawe

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

Kijana wa Buzuruga

Mkuu mimi sina kamera, nina simu. Nipite tu?

Jiwe la Kirumba

Usipite. Simu huwezi kuitumia kwa furukombe aliye mbali alfajiri, hilo tusidanganyane. Lakini jioni, pale mwewe wanapozunguka kurudi kwenye miti yao, simama mahali ambapo Bismarck Rock, yale mawe ya majini pale mjini, yako mbele yako na jua liko nyuma yake. Gusa kioo kwenye sehemu angavu ya anga, ushushe mwanga kidogo, upige vivuli. Mkia wa mwewe wenye panda unatambulika hata ukiwa mweusi tii. Kuna picha za hivyo ninazozipenda kuliko za kwangu za lensi ndefu.

Dada Lensi

Kaka Jiwe, habari za siku. Mimi kazi yangu ni harusi na send-off, nina 70-200 ya f/2.8, gizani ukumbini ndiko nyumbani kwangu. Nikasema basi huyu ndege hanishindi. Nilichokutana nacho ni kwamba kichwa cha furukombe kinaungua cheupe, hakuna hata unyoya mmoja unaoonekana, na mwili uko sawa. Nikishusha mwanga kichwa kinarudi, mwili unazama. Hapo mnafanyaje?

Na 200mm ni fupi, najua, usinianze.

Jiwe la Kirumba

Dada, shikamoo ya ukumbini. Siku nyingine ndege akija karibu hiyo f/2.8 itatuaibisha wote: ina mwanga mara nne ya f/5.6 yangu. Ninachopiga kwa ISO 6400 wewe unakipiga kwa 1600.

Kichwa. Kamera inapima fremu nzima. Furukombe akiwa mbele ya mwamba au mti wenye giza, kamera inaona giza tupu, inaongeza mwanga, kichwa kinaungua. Hapo shusha fidia ya mwanga (ile swichi ya + na -) kwa hatua moja hivi; kila hatua ni mwanga mara mbili au nusu yake. Akiwa juu, anga nyuma yake, kamera inaona weupe, inapunguza, ndege anakuwa mkaa. Hapo pandisha, hatua moja mpaka mbili. Ndege yule yule, dakika ile ile, akitoka mtini kwenda angani mahitaji yanapishana hatua mbili au tatu.

Ninachofanya: kasi na tundu la lensi naviweka mwenyewe, ISO naiachia kamera lakini naiwekea kikomo, na kidole gumba kinakaa kwenye fidia muda wote. Napima kwa ajili ya kichwa cheupe, kisibabuke. Mwili wa kahawia utauinua baadaye kidogo kwenye faili la RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Nyeupe iliyoungua hairudi. Kama unapiga JPEG kwenye mwanga wa namna hii unajinyima bure.

Halafu histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza na mwanga vimegawanyika vipi. Kioo cha nyuma alfajiri kinadanganya, kila kitu kinaonekana kimeng'aa kwa sababu macho yako yako gizani. Tazama ile michoro, usitazame picha.

Mwalimu wa Mwanga

Naomba niingilie, maana hapo kwenye ISO ndugu mtoa uzi kasema kweli lakini hakusema sababu.

Chenga hazizalishwi na ISO. Mwanga wenyewe unakuja kwa chembe, na chembe zikiwa chache zinatua kwa kubahatisha: pikseli hii imepata 20, jirani yake imepata 14, ingawa zote zinaangalia unyoya ule ule. Zikiwa nyingi tofauti hiyo inamezwa. Ukiongeza mwanga mara nne, usafi wa picha unaongezeka mara mbili. ISO kazi yake ni kukuza kilichokwisha kuingia. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni mwanga kiasi gani umeingia: tundu limefunguka kiasi gani na shata imekaa wazi muda gani.

Kutokana na hilo kuna jambo ambalo wapiga picha wengi hawalipendi. Ndege aliyejaa nusu ya fremu kwa ISO 6400 ataonekana msafi kuliko ndege mdogo wa ISO 1600 uliyemkata na kumkuza. Ukimkata fremu unatupa mwanga. Kusogea karibu kunasaidia kuliko mipangilio yote.

Na wale wanaotaka kununua kiongeza urefu cha mara mbili ili wabandike kwenye lensi ya 150-600: mwisho wa lensi hiyo ni f/6.3. Ukizidisha mara mbili inakuwa kama f/13. Umepoteza hatua mbili za mwanga, na kamera nyingi za kioo (DSLR, zenye kioo kinachojikunja ndani) zitashindwa hata kufokasi.

Mkwea Mawe

Mwalimu umenisaidia kutokuitupa pesa. Nilikuwa nimeshaweka oda karibu niilipie.

Sina Baya

Swali la uchokozi: kutulia kwa lensi, ile swichi ya kuzuia mtikisiko, si inamaliza yote haya? Niweke 1/60 nipige anayeruka.

Mwalimu wa Mwanga

Inazuia mkono wako usitikisike. Bawa la ndege haina habari nalo.

Mvuvi Mstaafu

Nyie vijana mnasoma namba tu, ndege mnawasahau. Nimezeekea kwenye mwalo, sina kamera, mjukuu wangu ndiye anayo na ndiye ananisomea hapa. Sikilizeni.

Furukombe ana eneo lake yeye na jike lake. Jike ni mkubwa kuliko dume, wakikaa pamoja utaona. Mti wao ni ule ule, na mara nyingi tawi ni lile lile, kinyesi cheupe chini ya mti kitakuonyesha. Asubuhi na mapema anavua, muda mfupi tu, akipata mmoja wa kumtosha anakaa kutwa. Hazamii kama mnandi, anachukua aliye juujuu ya maji. Akimkamata mzito asiyeweza kuruka naye, atapiga maji kwa mabawa mpaka afike ufukweni. Na ni mwizi, akimwona ndege mwingine kapata samaki atamfukuza mpaka amwachie.

La pili, upepo. Usiku na alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana unageuka, unatoka ziwani. Ndege mkubwa hupaa akiukabili upepo. Kwa hiyo alfajiri akitoka mtini au majini, uso wake unakuja nchi kavu, kwako wewe uliyesimama ufukweni. Mchana anakupa mkia. Hamjajiuliza kwa nini picha zenu za mchana zote ni za mkia?

La tatu, mwewe. Hao msiwatafute porini. Tazameni mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawaendi, taa hazivuti dagaa. Giza likirudi mitumbwi inatoka usiku kucha na taa zao, inarudi alfajiri imejaa. Dagaa wakimwagwa kwenye mchanga na kwenye chanja, mwewe wanajaa juu, wanachota na kula hewani bila kutua. Asubuhi ya siku za giza ndiyo yao.

Na ukiona radi ziwani alfajiri usipande mtumbwi kwa ajili ya picha. Mawingu ya ziwa hili hupiga usiku na asubuhi.

Jiwe la Kirumba

Mzee, shikamoo. Hilo la upepo peke yake linatosha kuwa uzi.

Naliongezea upande wa kamera. Ukijua atapaa kuja kwako, usimweke katikati ya fremu. Mwachie nafasi upande anaotazama, na ulegeze lensi kidogo, kama uko 500 rudi 400, maana mabawa ya furukombe yakifunguka yanafika mita mbili na zaidi, utayakata. Dalili za kupaa: anajinyoosha mwili ulale, anaangalia chini mara kwa mara, na wengi hunya kabla ya kuondoka. Akinya, anza kubonyeza.

Fokasi: alfajiri kamera inatafuta mpaka wa giza na mwanga, isipoupata inahangaika mbele na nyuma. Furukombe anao mpaka huo mwilini, pale weupe wa kifua unapokutana na kahawia. Weka nukta moja ya katikati hapo ndipo uisogeze kichwani. Nukta za pembeni kwenye kamera za kioo ni dhaifu gizani. Wenye kamera mpya zisizo na kioo, zinazotambua jicho la ndege zenyewe, hawana shida hii sana, ingawa nimeona nazo zikishika fundo la mti na kulifuata kwa heshima zote.

Furukombe mchanga ni wa madoa ya kahawia, hana kichwa cheupe mpaka afikishe miaka kama mitano. Huyo alfajiri ni mtihani kweli.

Omena Kavu

Salamu kutoka Kisumu, upande wa Dunga. Mimi nashangaa mnajitesa. Kule Naivasha mwenye boti anapiga mbinja, anarusha samaki, tai anashuka mara moja. Unajua pahali samaki anaelea, unafokasi mapema, jua liko nyuma yako, umemaliza kazi kabla ya chai. Samaki anatiwa kipande cha funjo ndani ndio aelee. Picha nyingi mnazoziona kwa mitandao za tai akinyoosha makucha zimepigwa hivyo.

Jiwe la Kirumba

Ndugu yangu wa Kisumu, karibu. Najua, na sitakuambia picha hizo si nzuri. Hoja yangu ni kwamba tai anayekuja kwa mbinja hajanifundisha kitu. Na hilo funjo ndani ya samaki linaishia kwake au kwa kifaranga wake. Akiwa na kiota nawe unamwita kila baada ya robo saa, mayai yanabaki na nani?

Omena Kavu

Kwani wavuvi hawamwagi matumbo ya samaki kila siku? Hiyo si chambo?

Mvuvi Mstaafu

Matumbo yanaliwa na mwewe na korongo, furukombe sijaona akinisubiri mimi. Lakini kijana wa Kisumu naye ana lake. Watu wa boti wanakula kwa kazi hiyo.

Dada Lensi

Mimi msimamo wangu ni mdogo tu: aliyetupa samaki aandike chini ya picha kwamba alitupa samaki. Basi. Sisi wa harusi tukimpanga bibi harusi dirishani hatusemi tumemkuta hapo.

Omena Kavu

Hiyo nakubali. Ya funjo nitaongea na wao, kuna wengine huacha mkia tu uelee bila kitu ndani.

Mkwea Mawe

Turudi kwenye vifaa. Stendi ya miguu mitatu au mguu mmoja? Na kwenye boti?

Jiwe la Kirumba

Nchi kavu, ndege aliyekaa, miguu mitatu bila mjadala. Hapo unaweza kushuka mpaka 1/30 ukipiga mfululizo, katika picha nane moja itakuwa kali. Mguu mmoja ni kwa kutembea kwenye mawe, ambako miguu mitatu itakuangusha. Kwenye boti usiegemeze kitu chochote kwenye ubao, injini inapitisha mtetemo wote kwenye lensi. Zima injini, kaa chini, viwiko juu ya magoti, shika kwa mkono. Boya umevaa, sio umelikalia.

Boti inayokwenda Saanane inachukua dakika chache tu kutoka mjini, na kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kwa hiyo kuna kiingilio na saa za kufungua. Alfajiri kabisa hutaipata huko. Mimi Saanane naiwekea jioni, mawe yanabaki na mwanga wa moto kidogo na pimbi wametoka. Mwenye uwezo aende Rubondo. Huko furukombe ni wengi mno na unalala ndani ya hifadhi, alfajiri inakukuta uko tayari.

Ufukweni msijiingize kwenye matete kabla hakujapambazuka. Viboko wanarudi majini saa hizo hizo, na mamba wapo. Kusimama na miguu majini kunakuletea kichocho. Lensi ndefu pia usiielekeze uwanja wa ndege, bandarini au kwenye majengo ya serikali, utaeleza habari za furukombe kwa watu wasiopenda ndege.

Sina Baya

Kichwa cha uzi kimesema na bundi. Hapo ndipo mnaposhikwa uchawi. Mtu mzima na kamera kwenye mawe saa mbili usiku anamtafuta bundi, mtaa mzima unaamka.

Jiwe la Kirumba

Unacheka lakini ni kweli. Kwenye vilima vyetu nyumba zimejengwa mpaka katikati ya mawe. Mimi napita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, namwonyesha picha kwenye simu, namwachia namba. Mara nyingi watoto ndio wanaokuonyesha bundi analala wapi mchana.

Kumpiga: nenda magharibi, dakika zile kati ya jua kuzama na giza. Anatoka kwenye ufa wa mawe, anakaa juu ya jiwe, anajikung'uta, anatazama huku na huku kabla ya kwenda kuwinda. Katulia kuliko ndege wote, kwa hiyo miguu mitatu, 1/30 au hata 1/15, ISO ikae chini kidogo, na chenga zitapungua. Ukichelewa zaidi tumia mwanga wa taa ya barabarani kama ipo. Flashi sitaki hata kuisikia. Macho yale yamefunguka mwisho kwa ajili ya giza, unampofua kwa muda wakati ndio anaanza kutafuta riziki. Kumpigia sauti ya bundi mwingine kwenye simu ili aje nako ni kumsumbua, anadhani kavamiwa.

Kijana wa Buzuruga

Kuna mdogo mweupe mwenye macho mekundu anasimama hewani kama helikopta karibu na mashamba jioni, huyo naye ni wa kundi hili?

Jiwe la Kirumba

Ndiye, mwewe mdogo mwenye mabega meusi. Anapenda mwanga wa mwisho mwisho, anawinda panya. Huyo ni zawadi kwa mwanafunzi: akisimama hewani mwili hausogei, mabawa tu ndiyo yanapiga. Kwa 1/250 kichwa kitakuwa kali na mabawa yatakuwa na mvurugiko, na inapendeza hivyo. Tafuta pia yule tai mweusi mwenye kishungi kirefu kichwani, anakaa juu ya nguzo za umeme nje ya mji. Weusi wake ni kinyume cha furukombe: pandisha mwanga, la sivyo utapata umbo bila jicho.

Dada Lensi

Na kwenye kompyuta? Hizi programu mpya za kuondoa chenga zimenishangaza, lakini manyoya yanageuka plastiki.

Mwalimu wa Mwanga

Punguza nguvu mpaka nusu, halafu acha chenga kidogo zibaki. Safisha mandhari ya nyuma zaidi, ndege mguse kidogo. Programu ikikosa taarifa inabuni, na utapata manyoya ambayo ndege hana.

Jiwe la Kirumba

Na picha ya alfajiri iacheni iwe ya alfajiri. Kuna watu wanaiinua mpaka inafanana na saa sita mchana. Ule ubluu wa ziwa kabla ya jua ndio uliokuamsha.

Mkwea Mawe

La mwisho kutoka kwangu. Unyevu. Nimetazama lensi ya mtumba niliyotaka kuinunua, ina kama nyuzinyuzi za utando ndani.

Jiwe la Kirumba

Kuvu. Iache. Hapa ziwani inakua haraka ukiweka kifaa kabatini. Kabla ya kununua lensi yoyote iliyotumika, fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa mshazari. Yako mwenyewe iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikishiba unyevu vibadilishe.

Kijana wa Buzuruga

Na mvua ikikukuta kwenye mawe? Mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku tangu 2019.

Dada Lensi

Kofia ya nailoni ya saluni, ile ya kufunika nywele zikiwa na dawa. Inatosha mwili wa kamera na nusu ya lensi, ina lastiki. Ninazo kwenye begi la harusi siku zote.

Sina Baya

Nimechukua mbili za mke wangu. Akiuliza, mmenituma nyie.